Walioitwa Dartmouth na Wasioitwa

Katika kiangazi cha mwaka 1956 wataalamu wachache walikutana katika Chuo cha Dartmouth, mjini Hanover, jimbo la New Hampshire nchini Marekani, ili kuipangia kompyuta mustakabali wake. Ombi la fedha lilikuwa limeandikwa mwaka mmoja kabla, mwezi Agosti 1955, na watu wanne: John McCarthy, Marvin Minsky, Nathaniel Rochester na Claude Shannon. Waliomba dola 13,500 kwa Wakfu wa Rockefeller, wakapewa 7,500. Hoja yao ilikuwa fupi na yenye kiburi: kwamba kila sehemu ya akili na ya kujifunza yaweza kuelezwa kwa usahihi hata mashine ikaiga. Ni katika waraka huo ndimo lilimozaliwa jina ambalo kwa Kiswahili cha leo hufasiriwa akili mnemba.

Mkutano ule sasa husimuliwa mithili ya mazazi ya elimu nzima, na wasimulizi hupenda kuhesabu waliokuwamo. Aghalabu hawahesabu wasiokuwamo.

Katika mambo saba yaliyoorodheshwa na waraka, la pili liliuliza vipi kompyuta itaweza kutumia lugha. Lugha ipi? Swali hilo halikuulizwa. McCarthy alipoeleza humo nia yake binafsi, lugha aliyoichukua kuwa kipimo ilikuwa Kiingereza. Halaumiwi mtu kwa kuanza na lugha ya nyumbani kwao. Mpemba naye angeanza na Kipemba. Lawama inaangukia mazoea yaliyofuata, ya kulitaja neno "lugha" kwa umoja na kukusudia moja tu. Hata lugha ya pili ilipotafutwa, sababu ilikuwa vita baridi. Katika maonyesho ya New York ya Januari 1954, mashine ilifasiri sentensi za Kirusi kwa Kiingereza ikiwa na msamiati wa maneno 250 tu. Kirusi kilipata heshima hiyo kwa sababu kiliogopwa. Lugha isiyoogopwa na yeyote ilibaki mlangoni.

Watu wa pwani wanaijua hadithi hii, kwani waliwahi kutendewa mfano wake. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi. Viti vyake vya mwanzo havikukaliwa na malenga wa Lamu wala wa Mvita, ilhali Kiamu na Kimvita ndizo lahaja zilizobeba sehemu kubwa ya tenzi za kale. Kiunguja kilichaguliwa, naam, lakini kuchaguliwa si kuulizwa. Vizazi vya wanafunzi vikafundishwa kuliona neno la mshairi kuwa kosa la imla.

Wapo watakaosema kwamba hayo yamepita, kwamba mashine za leo zimekwisha kukijua Kiswahili, na kwamba malalamiko ni husuda ya waliochelewa. Wanaosema hivyo wamesomewa barua ya ofisini ikawapendeza. Wapewe jambo dogo zaidi, neno "mbaya". Katika "mtu mbaya", m husimama peke yake, na neno lina mizani tatu: m-ba-ya. Katika "nguo mbaya", m hubebwa na b, na mizani ni mbili: mba-ya. Herufi ni zilezile tano, hazikuongezwa wala kupunguzwa. Anayezisoma kwa jicho pekee ataona neno moja. Anayezisikia atajua kipande cha utenzi chenye mizani nane kimetimia au kimevunjika. Mashine hizi, kwa kawaida, hukata maandishi kwa kufuata herufi zinazoandamana mara nyingi, katika rundo ambalo sehemu yake kubwa ni Kiingereza. Hazikati kwa silabi. Ndipo zinapotoa beti zenye vina mwishoni na mwendo wa kilema ndani, na msomaji asiyejua bahari akapiga makofi.

Na hilo rundo lenyewe limejaa nini kwa upande wa Kiswahili? Magazeti, matangazo, tafsiri. Miswada ya tenzi kwa hati za Kiarabu, iliyomo SOAS mjini London, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ndani ya makasha ya nyumba za watu, haikuandikwa kwa namna inayomezwa kwa urahisi na mashine. Kwa hiyo kinachoitwa Kiswahili cha mashine ni kile kile cha Kamati, kimepigwa pasi mara ya pili.

Mlango wenyewe haujafunguka vya kutosha. Mwezi Desemba 2018 mkutano mkubwa wa NeurIPS ulifanyika Montréal, na watafiti kadhaa wa Kiafrika walioalikwa wakanyimwa viza za Kanada. Yaani mustakabali ulijadiliwa, na karani wa ubalozi ndiye aliyeamua nani asikilizwe. Mkutano wa ICLR uliokuwa ufanyike Addis Ababa mwaka 2020 ulihamishiwa mtandaoni kwa ajili ya korona. Afrika ikangoja hadi Mei 2023, ulipofanyika Kigali. Kundi la Masakhane, lililoanzishwa na watafiti wa Kiafrika mwaka 2019, limeonyesha kwamba wasemaji wa lugha wanaweza kuwa washiriki wa utafiti tangu mwanzo. Hoja ya kwamba haiwezekani, basi, imekwisha kufa.

Kilichobaki ni hoja ya kwamba haina haja. Hiyo ndiyo hatari zaidi, na haitoki Hanover peke yake. Husemwa pia na wenyeji, katika kumbi za Dar es Salaam na Nairobi, ambamo malenga hualikwa kufungua shughuli kwa beti mbili, akashukuriwa, akatolewa nje kabla wataalamu hawajaanza kazi. Ukumbini hubaki watu wanaojadili namna ya kuifundisha mashine lugha, na hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kuwaambia "mbaya" ina mizani ngapi.