Binti wa Uani na Kesi ya Kubuni

Jumatatu. Nyumba ya pili kutoka kwangu, hapa Majengo, Dodoma, amepanga binti anayesoma sheria. Ikifika saa nne usiku namsikia uani akitoa hoja kwa Kiingereza, ananyamaza, anaanza upya. Anajiandaa kwa mashindano ya mahakama ya mfano: kesi ya kubuni, nchi ya kubuni. Jana alikuwa wakili wa mleta maombi. Leo anaitetea serikali ileile aliyoishtaki jana, kwa moyo uleule. Ndivyo mashindano yalivyo. Timu inajiandaa kwa pande zote mbili.

Jumanne. Wapo wanaodhani mashindano haya ni maigizo. Mashindano ya haki za binadamu ya Afrika, yanayoandaliwa na Chuo Kikuu cha Pretoria, yalianza 1992. Itifaki ya kuunda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipitishwa 1998, na mahakama ikahamia Arusha 2007. Wanafunzi walianza kuubishania Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu kabla majaji hawajapata viti! Jambo hili linanigusa kila ninapolikumbuka. Wiki hii binti anasoma hukumu ya mahakama hiyo ya 2013 kuhusu mgombea binafsi, ile ya Mchungaji Mtikila na wenzake.

Alhamisi. Nimemkuta Soko la Majengo, kwa mama anayeuza karanga na mlenda mkavu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiyo kesi unayoisema usiku, inahusu nini?"

Akaanza vizuri, akakwama kwenye mzigo wa uthibitisho. Alikuwa nao kwa Kiingereza tu. Mama akamsaidia:

"Yaani anayedai ndiye alete ushahidi? Niliambiwa hivyo Mahakama ya Mwanzo, nilipomdai mtu magunia yangu mawili."

Binti alitoa kalamu, akaandika.

Tangu 2021 sheria yetu Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Umoja wa Afrika nao ulikipokea kuwa lugha ya kazi 2022. Vikombe wanavyoshinda vijana wetu katika mashindano hayo navishangilia kwa dhati, lakini nataka pia mashindano ya mahakama ya mfano kwa Kiswahili, yafanyike hapahapa Dodoma. Chuo Kikuu cha Dodoma kinafundisha sheria, na makao makuu ya Mahakama ya Tanzania yalifunguliwa hapa Aprili 2025. Wauza karanga waje wakae mbele, wasikilize.

Ijumaa, saa nne usiku. "Waheshimiwa majaji, mleta maombi anadai..." Kimya kidogo. "Waheshimiwa majaji, mleta maombi anadai, na ushahidi wake ni huu."