Tuwapeleke Wanafunzi Ndia Kuu

Waliosema tembea uone hawakukosea, ila hawakutuambia tuanzie wapi. Suala hilo lilinijia muhula uliopita, nilipoalikwa na mwalimu mmoja, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu chuoni, niwazungumzie wanafunzi wake katika shule moja ya Laini Saba, huko Kibera. Kabla ya kufika kwangu alikuwa amewapa insha: kila mmoja achague mji mmoja wa kale ambao angependa kuuzuru kwa siku tatu za likizo ya katikati ya muhula, na aeleze sababu zake.

Nilizisoma insha hizo kwa makini. Wengi walichagua miji ya Uingereza. Walieleza vichochoro vya mawe, makanisa yenye minara mirefu na mto upitao chini ya madaraja ya kale. Mmoja alitaka kwenda Stratford alikozaliwa Shakespeare mwaka 1564. Aliyechagua Lamu alikuwa mmoja tu, na hakuna hata mmoja aliyeitaja Mombasa.

Sikuwalaumu. Mtoto hutamani alichoonyeshwa, na vitabu vyetu, filamu zetu na hata kalenda tunazotundika ukutani vimemwonyesha Uingereza zaidi ya vilivyomwonyesha Pwani. Wala sisemi kwamba miji hiyo haina uzuri. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamifu huko, nilijaliwa kuuzuru mji wa York, ulioanzishwa na Warumi mwaka 71 baada ya Kristo na ambao ungali umezungukwa na kuta zake za kale. Kilichonivutia zaidi, kwa kuwa mimi ni mtu wa lugha, hakikuwa kuta bali majina ya barabara. Mengi yanaishia na 'gate', neno ambalo Mwingereza wa leo hulielewa kuwa ni lango. Lakini pale halina maana ya lango hata kidogo. Ni neno la watu wa Skandinavia walioutawala mji huo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na maana yake ni njia. Barabara iitwayo Micklegate, basi, ni Njia Kuu.

Niliposimama hapo nilikumbuka Mombasa, kwani katika Mji wa Kale, hatua chache kutoka Fort Jesus, kuna barabara iitwayo Ndia Kuu. 'Ndia' ni 'njia' kwa Kimvita. Ni jina lile lile, kwa maana ile ile, limehifadhiwa ndani ya lahaja ambayo watoto wetu hukutana nayo katika mashairi ya kale na kuiogopa kama mzimu. Tofauti ni kwamba mtoto wa Uingereza hupelekwa na mwalimu wake akaoneshwa Micklegate, ilhali mtoto wa Laini Saba huenda akamaliza shule pasipo kujua kwamba kuna mahali paitwapo Ndia Kuu.

Hili si jambo la anasa. Kila mwalimu wa fasihi anajua taabu ya kufundisha ushairi wa kale kwa mwanafunzi wa Nairobi. Mwanafunzi akikutana na neno 'teka' katika utungo wa Kimvita hudhani kwamba mshairi anateka maji au anateka nyara, kumbe anacheka. Akiona 'mato' hajui kuwa ni macho. Tunampa orodha ya maneno akariri, naye anakariri, kisha anasahau punde tu mtihani ukiisha. Baya zaidi, anatoka darasani akiamini kwamba Kiswahili fasaha ni mali ya watu wengine walioishi mbali zamani, na kwamba yeye ni mkopaji tu. Ule mzaha wetu wa kwamba Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Tanzania, kikaugua Kenya, umegeuka kuwa imani. Na mwanafunzi aliyeambiwa kwamba lugha yake ni mgonjwa hatajitaabisha kuitunza.

Mombasa ingemponya kwa siku tatu. Hapo ataiona ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ikatekwa na Waomani mwaka 1698 baada ya kuzingirwa kwa zaidi ya miaka miwili, ikafanywa gereza na Waingereza hadi mwaka 1958, na ikatambuliwa na UNESCO kuwa turathi ya dunia mwaka 2011. Mwalimu wa historia atakuwa na yake ya kusema, na mwalimu wa Kiswahili hali kadhalika. Maneno kama meza, bendera na leso yaliachwa na Wareno hao hao. Hata neno gereza lenyewe wataalamu wengi hulihusisha na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Hebu fikiri jinsi mwanafunzi atakavyolipokea somo hilo akiwa amesimama ndani ya ngome iliyowahi kuwa na kanisa na baadaye ikawa gereza! Kisha atembee katika mitaa ambamo Muyaka bin Haji alitunga mashairi yake mwanzoni mwa karne ya 19, asikie wazee wakizungumza barazani, na agundue kwamba lahaja aliyoikariri ingali hai vinywani mwa watu.

Kuna watakaouliza: mbona si Lamu? Kwa hakika Lamu ndio mji wa Waswahili uliohifadhika kuliko yote katika nchi yetu, nao uliingizwa katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2001, miaka kumi kabla ya Fort Jesus. Magofu ya Pate yaliyomliza mtunzi wa Al-Inkishafi yako katika visiwa hivyo hivyo. Lakini safari ya nchi kavu ni ndefu, hupitia Malindi na Garsen hadi Mokowe, halafu huna budi kupanda chombo cha baharini. Siku tatu zitakwisha njiani. Lamu ni ya likizo ndefu. Kwa likizo fupi, Mombasa inatosha, maadamu tangu mwaka 2017 garimoshi jipya huondoka Nairobi na kufika Mombasa siku hiyo hiyo.

Hoja nzito zaidi ni ya fedha, nami siipuuzi. Mzazi wa Laini Saba anayeamka alfajiri kutafuta kibarua hawezi kuambiwa alipe nauli kana kwamba analipia daftari. Nimeona ziara za shule ambazo walioenda ni wale tu ambao wazazi wao wana uwezo, na wengine wakabaki kuhadithiwa. Ziara ya namna hiyo hufunza jambo moja tu: kwamba hata historia ina wenyewe. Ikiwa chama cha Kiswahili kitaweka akiba mwaka mzima na kupata nauli ya wanafunzi kumi pekee, basi kumi hao wachaguliwe na wenzao bila kutazama mfuko wa mzazi, waende na madaftari, na watakaporudi wawe walimu wa wale waliobaki. Na wakifika huko, ngome isipewe saa moja kisha siku nzima ikaliwa na ufukwe. Bahari haitahama.

Nilipomaliza kuyasema haya darasani, msichana mmoja aliinua mkono akaniuliza: "Mwalimu, kwani mji wa kale lazima uwe mbali?"

Nakiri kwamba swali hilo lilinizidi kimo kwa muda. Kibera ilikaliwa mwanzoni mwa karne ya 20 na askari Wasudani wa jeshi la Mwingereza pamoja na jamaa zao, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikalitenga rasmi eneo hilo kwa ajili yao. Wao ndio Wanubi, na lugha yao, Kinubi, ni krioli yenye msingi wa Kiarabu ambayo Bernd Heine aliiandikia kitabu mwaka 1982. Jina Kibra lina maana ya msitu katika lugha hiyo. Ilichukua takriban miaka mia moja, hadi 2017, ndipo jamii hiyo ikakabidhiwa hatimiliki ya ekari 288. Na Laini Saba je? 'Laini' tumeitoa kwa Mwingereza, 'saba' tumeitoa kwa Mwarabu, na Kiswahili kikayafunga ndoa maneno hayo mawili. Vijiji jirani vinaitwa Lindi, Soweto na Kisumu Ndogo. Hiyo ni ramani ya Afrika ndani ya mwendo wa saa moja kwa miguu, na haina kiingilio.

Basi nimeubadilisha ushauri wangu, nami nawapa walimu wenzangu ulivyo sasa. Likizo fupi ijayo, anzeni nyumbani. Watumeni wanafunzi kwa wazee wa Makina na Laini Saba, kwa adabu na kwa salamu, wakaulize majina yalitoka wapi, na wayaandike kabla wazee hao hawajatutoka. Likizo itakayofuata, fuateni reli hadi Mombasa. Mtoto aliyekwisha kuuliza asili ya Laini Saba atajua la kuuliza afikapo Ndia Kuu. Na siku Mungu akimjalia kufika York, ataitazama Micklegate kama mgeni mwenye kwao, atabasamu, na kuwaambia wenyeji wake: hata sisi tunayo.