Kihesabu kilichorudi sifuri pale Rongo

Najua niliahidi sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata, na wawili watatu wameshaniandikia barua pepe kuulizia. Itakuja. Leo nina jambo jingine linalonikereketa, na lina uhusiano na programu ingawa linaingilia mlango wa nyuma.

Leo ni siku ya 212 tangu niamue kuacha sigara. Katika siku hizo 212 nimevuta sigara 14. Zote nilizivuta katika miezi miwili ya kwanza. Ya mwisho ilikuwa zaidi ya miezi minne iliyopita. Kuna watakaosema kwamba basi sikuacha siku ile, niliacha siku ya sigara ya mwisho. Hapo ndipo nataka tubishane.

Kwanza kisa chenyewe. Nimevuta kwa miaka 15, sigara kumi na mbili hivi kwa siku. Katika miaka yote hiyo sidhani kama nimenunua pakiti nzima mara ishirini. Hapa Homa Bay, kama mji mwingine wowote wa Kenya, unanunua moja. Unatoka ofisini, unafika kibandani, unatoa sarafu, unawashiwa, basi. Ukimwambia mtu wa aina yangu "ukiacha utaokoa bei ya pakiti kwa siku", anakutazama tu. Pakiti gani?

Nilipoamua kuacha nilifanya kile ambacho mtu wa kazi yangu hufanya: niliandika programu. Programu ya simu, ndogo, kazi ya jioni mbili. Kihesabu kikubwa katikati ya skrini kinaonyesha siku ulizokaa bila sigara. Chini yake kitufe kimoja: "Nimevuta". Ukikibonyeza, kihesabu kinarudi sifuri. Sikuibuni mimi, programu za aina hiyo zimejaa, na karibu zote zina moyo huohuo.

Siku ya 19 nilikuwa nakwenda Migori kumwekea mteja programu ya kuhesabu bidhaa dukani. Kutoka Homa Bay unashuka Rongo, unabadilisha gari. Matatu ya Migori ilikuwa na watu wanne. Wanaoijua stegi ya Rongo wanajua maana yake: utangoja. Akapita kijana na sinia: njugu, pipi, kadi za simu, sigara mojamoja zimesimama kwenye kikopo, na kiberiti cha gesi kimefungwa kwa uzi ili kisitembee. Kutoka kuisikia hamu mpaka kuvuta moshi haikufika dakika moja. Sikupata hata nafasi ya kujikumbusha kwamba nimeacha.

Nikabonyeza kitufe, maana sikutaka kuidanganya programu yangu mwenyewe. 19 ikawa 0. Na hapo, wasomaji, nilihisi kitu ambacho sikukitarajia: nafuu. Kama ni sifuri, basi leo imeshaharibika, nitaanza tena kesho. Awendo nikavuta nyingine. Mpaka ninafika Migori jioni nilikuwa nimevuta sita.

Baadaye niligundua kwamba jambo hili lina wataalamu wake. Mwanasaikolojia Alan Marlatt wa Marekani alilieleza vizuri katika kitabu alichokitoa na Judith Gordon mwaka 1985 kuhusu watu wanaorudia ulevi na sigara. Kinachomwangusha mtu mara nyingi si ile sigara moja. Ni tafsiri anayoipa: "nimeshindwa, mimi si mtu wa kuacha." Aliyetafsiri hivyo huendelea kuvuta. Aliyesema "nimeteleza, kulikuwa na nini pale?" ana nafasi nzuri zaidi ya kusimama tena. Mimi nilikuwa nimeandika programu inayomtolea mtu tafsiri ile mbaya, kwa herufi kubwa, katikati ya skrini.

Usiku ule nililala kwa mjomba wangu, Uriri. Niliona haya, maana nilinuka moshi na alikuwa ameshasikia kwamba nimeacha. Ni yeye aliyenilipia karo ya sekondari, na aliilipa kwa tumbaku. Katika Nyanza Kusini ya zamani, ambayo leo ni kaunti za Homa Bay na Migori, kampuni ziliingiza kilimo cha tumbaku cha mkataba tangu miaka ya 1970. Mkulima anapewa mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo, na deni linakatwa siku ya kuuza majani. Nakumbuka asubuhi za kuchuma majani yakiwa na umande. Nikotini hupenya kwenye ngozi kutoka jani lililolowa, na tulikuwa tunatapika na kusikia kizunguzungu, mama akidhani ni malaria. Kwa hiyo nikotini niliionja kabla ya kujua kuwasha kiberiti.

Mjomba aliacha kulima tumbaku. Nikamweleza habari ya kihesabu. Akauliza, "Kwa hiyo hiyo simu imekwambia siku kumi na tisa zote hazipo?"

"Ndiyo, mjomba."

"Mwanangu, mimi mwaka wa kwanza niliacha tumbaku, mwaka wa pili deni likanirudisha, nikapanda nusu ekari. Mwaka wa tatu nikaacha tena. Ungekuwa umeniandikia wewe, ungesema nimeanza upya. Lakini ule mwaka wa kwanza ndio nilijifunza kulima maharagwe."

Sikuwa na jibu, na bado sina.

Hebu tukae hapo kwa wakulima kidogo. Machi 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO), lile la Chakula na Kilimo (FAO) na Mpango wa Chakula Duniani (WFP), pamoja na serikali ya Kenya, walianzisha Migori mradi wa mashamba yasiyo na tumbaku. Zao lililochaguliwa ni maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Mwaka 2023 mkulima wa huko, Sprina Robi Chacha, alitunukiwa na mkurugenzi mkuu wa WHO kwa kuacha tumbaku na kuwafundisha wenzake mamia. Angalia jinsi mradi ulivyopangwa. Hakuna aliyekwenda Migori kuwaambia wakulima wakaze moyo. Walipewa mbegu, mafunzo, na juu ya yote mnunuzi, maana WFP wenyewe hununua maharagwe. Mkulima alikuwa kwenye tumbaku kwa sababu mbegu, mkopo na soko la tumbaku vilikuwa mlangoni kwake. Ili atoke, ilibidi kitu kingine kisogezwe mlangoni.

Mvutaji naye je? Yeye anaambiwa akaze moyo.

Niliporudi Homa Bay niliifuta ile programu na kuandika nyingine. Haina kihesabu kinachorudi sifuri. Ina vitufe viwili: "Hamu imekuja" na "Nimevuta". Ukibonyeza chochote, inaandika saa na mahali. Hamu ikipita, unabonyeza tena. Basi. Wenzangu wa kazi hii mtaitambua: ni logi. Mtambo ukianguka usiku hatuufuti na kuanza upya huku tukiutukana, tunasoma logi.

Baada ya wiki tatu nilikuwa na hamu 143 zilizoandikwa. Ndefu kuliko zote ilidumu dakika saba. Nyingi zilikuwa tatu au nne. Nilishangaa, kwa sababu zikiwa zinakuuma unaapa kwamba hazina mwisho. Na hazikutawanyika ovyo. Karibu zote zilitokea mahali pachache: chai ya saa nne, stegi, baada ya mlo wa jioni, na stima inapopotea. Ile ya stima sikuwahi kuifikiria. Kumbe kila ikikatika ofisi nzima tunatoka nje, na nje ndiko kibanda kiliko.

Ukisoma kidogo kuhusu nikotini, logi ile inaeleweka. Moshi ukivutwa, nikotini hufika ubongoni ndani ya sekunde ishirini hivi, na nusu yake huwa imeondoka damuni baada ya takriban saa mbili. Ndiyo maana mvutaji ana ratiba kama ya dozi. Ukiacha, hasira, kukosa utulivu na usingizi mbovu hufika kileleni siku tatu za kwanza, kisha hushuka kwa wiki tatu nne. Baada ya hapo hamu inayobaki ni ya mazoea: mahali, saa na watu.

Basi haya ndiyo niliyoyafanya, na nayaandika kwa sababu kuna mtu ataingia hapa akiyatafuta:

1. Nilihamisha chai ya saa nne kutoka kibandani hadi mezani kwangu, na nikaipunguza. Hili la pili ni la kitaalamu: moshi wa sigara hulifanya ini liondoe kafeini haraka. Ukiacha, chai au kahawa ileile inakaa mwilini muda mrefu zaidi. Nusu ya mtetemeko niliodhani ni hamu ya sigara ilikuwa kafeini.

2. Rongo nilibadilisha utaratibu. Nikishuka, natembea barabarani kuelekea Awendo na kusimamisha gari mbele, mbali na sinia. Nalipa zaidi wakati mwingine. Sawa.

3. Nilitumia chingamu ya nikotini. Kwa wavutaji wanaowasha ya kwanza ndani ya nusu saa baada ya kuamka, miligramu 4; wengine miligramu 2. Haitafunwi kama chingamu ya dukani: unatafuna mpaka uhisi ukali, unaiweka kati ya shavu na ufizi, ukali ukiisha unatafuna tena. Usinywe kahawa au soda dakika 15 kabla, haitanyonywa vizuri. Kuna pia plasta ya kubandika, inayopitisha nikotini kwenye ngozi kidogokidogo. Ni mlango uleule tulioingiziwa sumu shambani, safari hii kwa kipimo. Kama una ugonjwa wa moyo au ni mjamzito, muulize daktari kwanza.

4. Stima ikipotea, natoka kwa mlango wa nyuma. Msicheke.

5. Nikiteleza, naandika. Sigara 14, kila moja ina saa na mahali pake. Tisa kati ya hizo zilitokea mahali ambapo mtu alikuwa anauza mojamoja hatua chini ya thelathini kutoka niliposimama.

Namba hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandike leo. Hamu inadumu dakika nne. Ukiweka dakika tano kati ya mtu na sigara, mara nyingi hamu inakufa njiani. Ukiweka nusu dakika, mtu anakufa yeye.

Na sisi tuna sheria inayosema hivyohivyo. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007, iliyoanza kutumika Julai 2008, inakataza kuuza sigara mojamoja. Pakiti lazima iwe na sigara zisizopungua kumi. Wengi hudhani kifungu hicho ni cha kuwakinga watoto wasionunue kwa hela ya pipi, na ni kweli. Lakini kinamkinga pia mtu mzima anayejaribu kuacha, kwa sababu kununua pakiti nzima ni uamuzi, na uamuzi unachukua muda. Sigara moja haikupi muda wa kuamua.

Kwa upande wa pili, niliizungukia ile chingamu katika maduka ya dawa ya mji huu mpaka nikachoka. Mwishowe niliagiza Kisumu. Dawa za kuchukua nafasi ya nikotini zimo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu tangu 2009. Kwa hiyo hali ndiyo hii: ugonjwa uko hatua thelathini, dawa iko Kisumu. Halafu tunashangaa watu hawana msimamo.

Sisemi mama mwenye kibanda akamatwe. Anauza kinachonunuliwa, na watoto wake wanakula. Nasema kaunti zetu mbili zianze na stegi na milango ya shule, na waanze na anayewaletea akina mama hao mzigo. Na kabati la dawa la hospitali za kaunti liwe na chingamu na plasta. Mkulima wa Migori alisogezewa maharagwe mlangoni. Tusogezewe nasi chetu.

Kwa anayetaka mtu wa kuongea naye, NACADA wana namba 1192, haina malipo.

Najua wapo waliosaidiwa na kihesabu cha siku, na sitaki kuwanyang'anya. Kama chako kinapanda na kinakupa nguvu, endelea nacho. Lakini kama wewe ni mwandishi wa programu na unaandika ya aina hii, tafadhali fikiria kitufe chako kinamwambia nini mtu aliyesimama Rongo na sigara mkononi, siku ya 19.

Msimbo wa ile logi nitauweka hapa wiki ijayo, huria, mtu yeyote autumie. Halafu turudi kwenye hifadhidata, naahidi.