GARI LA MJOMBA LINAKUNYWA MAJI, LAKINI HALIKOJOI!

Mimi mzima wa afya, ila mkono wa kulia una alama ya moto. Usiniulize mapema, tutafika huko huko.

Wiki hii naacha mambo ya mapenzi nakupa kisa cha gari. Najua akina dada mmeshaanza kukunja uso, mnasema hayo ya wanaume. Subirini kwanza. Siku gari litakapozimika porini, mtakaokaa juani ni wote.

Mjomba wangu ana saluni yake ya mwaka 1995. Kwa maneno mengine, gari limenizidi umri na kwa heshima ilitakiwa niliamkie shikamoo. Lakini ndilo teksi, ndilo ada ya watoto wawili, ndilo kodi ya nyumba. Likilala, nyumba nzima inalala njaa.

Sasa kila asubuhi Mjomba alikuwa akifungua boneti na kumimina kichupa cha maji cha nusu lita kwenye rejeta. Kila siku nusu lita. Nikamuuliza, "Mjomba, haya maji yanakwenda wapi?" Akanijibu, "Mjomba, gari la zamani ni kama mzee, lazima linywe maji." Sawa, lakini mzee akinywa maji si atakwenda msalani? Chini ya gari kulikuwa kukavu kabisa, hata tone!

Ikaanza safari ya mafundi. Wa kwanza hakushika hata bisibisi. Akasema rejeta imetoboka, tia ute wa yai, utaganda na kuziba. Mayai mawili yakaenda na maji yakaendelea kupungua. Wa pili akakuna kidevu, akasema hiyo ni gasketi ya silinda hedi, lazima injini ifunguliwe, andaa laki nne na nusu. Mjomba alinywea. Pesa pekee iliyokuwepo ndani ilikuwa ya upatu wa shangazi, na ile ilishapangiwa sare na madaftari ya binti anayeingia kidato cha kwanza. Usiku nikawasikia wakinong'ona chumbani. Sauti ya shangazi haikuwa ya furaha.

Kabla hawajaafikiana, ukatokea msiba Morogoro. Treni ya umeme ipo tangu 2024, lakini Bibi kasema hapandi kitu kinachokimbia namna ile. Basi nikapewa usukani, Bibi kiti cha nyuma na kanga zake. Tumeipita Mlandizi, naona mshale wa joto unapanda. Nikapunguza mwendo. Mara mshale ukashuka wenyewe hadi chini kabisa! Nikafurahi, nikamwambia Bibi, "Umepoa!" Nikakanyaga mafuta.

Ndugu yangu, ujinga mzigo. Kile kidude kinachopima joto kinatakiwa kizame ndani ya maji. Maji yakiisha kinabaki hewani, kinadanganya kwamba injini imepoa wakati inaungua. Nilishtuliwa na mvuke na harufu. Bibi akasema, "Mume wangu, huko mbele wanapika nini?"

Nikaegesha, nikazima, na kwa kiherehere nikashika mfuniko wa rejeta kwa tambara. Hapo ndipo nilipopata alama ya mkono. Namshukuru Mungu sikuufungua wote, leo ungekuwa unasoma tanzia. Mfuniko ule una springi inayobana maji kwa mgandamizo. Wa Mjomba umeandikwa 0.9, na kwa mgandamizo huo maji hayachemki kwenye nyuzi 100, yanafika kama 118 hivi. Ukifungua ghafla, yanachemka papo hapo na kukurukia usoni pamoja na mvuke. Tukakaa chini ya mwembe saa nzima. Dereva mmoja wa lori akatugawia maji, akanionya nisimwagie injini ya moto maji baridi, silinda hedi inapinda au kupasuka. Tukageuza pole pole kurudi mjini, tunasimama kila mara. Msiba hatukuuwahi. Bibi hakunilaumu, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

Kesho yake tukaenda kwa mzee mmoja Ilala, fundi wa siku nyingi, haongei sana. "Shikamoo fundi." "Marahaba. Limepoa?" Alisubiri lipoe kwanza. Akachomoa kijiti cha oili: oili safi, haijageuka rangi ya chai ya maziwa. Akajaza maji, akawasha huku mfuniko uko wazi, akachungulia: hakuna mapovu yanayobubujika mfululizo. Akaangalia egzosi: hakuna moshi mweupe wenye harufu tamu. Akapapasa kapeti mbele ya kiti cha abiria: kavu, maana yake rejeta ndogo ya hita haivuji. Akasema neno moja tu, "Hedi nzima." Mjomba akashusha pumzi, nikadhani tairi limepata pancha.

Akazima, akaacha lipoe. Kisha akatoa pampu ya mkono yenye geji, akaifunga mahali pa mfuniko na kupampu hadi 0.9. Asizidishe hapo, la sivyo anapasua kizima. Akawasha sigara. Baada ya dakika kumi mshale ulikuwa 0.7. Maji yanatoka, ila wapi? Akamulika wota pampu, pale kwenye kitundu kidogo chini ya ekseli yake, ambapo pampu iliyochoka hudondosha: pakavu. Rejeta: kavu. Akaingiza kioo cha kunyolea ndevu nyuma ya injini, akaniita. Nikaona mstari mweupe wenye kutu, na kwenye ncha ya hozi ndogo inayokwenda kwenye hita, chini ya klempu, tone linajitunga taratibu kama jasho.

Ndio mchawi wetu huyo! Injini ikiwa baridi ufa umefumba. Ikipata moto na mgandamizo ufa unafumbuka, tone linaangukia kwenye chuma cha moto, linakauka kabla ya kufika chini. Ndiyo maana chini pakavu. Na ndiyo maana barabara ndefu ilitumaliza, wakati vituo vya mjini vilitusitiri.

Matengenezo sasa. Maji yakamwagwa yote, yametoka rangi ya uji wa ulezi. Mzee akamtazama Mjomba: "Unatia ya kisima?" Kweli, ya kisima yenye chumvi. Chumvi inakula chuma, chokaa inaziba njia, na ule ute wa yai nao ulikuwa umeganda humo. Akasafisha hadi yakatoka meupe. Akakata hozi ya zamani badala ya kuivuta kwa nguvu, maana bomba la hita ni laini, linavunjika. Akasugua kutu pale hozi inapokaa, akavika mpya na klempu mbili mpya. Mfuniko nao ukabadilishwa, mpira wake ulikuwa mgumu kama kwato. Akapampu tena 0.9, tukasubiri robo saa. Mshale haukutikisika.

Kisha kulanti, nusu kwa nusu na maji ya betri yaliyochujwa (si ile asidi, jamani!). Wengi tunadhani kulanti ni ya Ulaya kwenye barafu. Kumbe huku kazi yake ni kuzuia kutu na kuchelewesha maji kuchemka. Usichanganye aina mbili ovyo, na uifiche mbali na watoto, ni tamu lakini ni sumu. Mwisho akafungulia hita hadi mwisho, akaacha injini iungurume mfuniko wazi, akibinya hozi ya juu hadi hewa yote itoke, ndipo akajazia na kufunga.

Hozi, klempu, mfuniko, kulanti na ufundi, vyote havikufika laki moja. Upatu wa shangazi umepona, binti kaingia kidato cha kwanza na sare yake imenyooka.

Basi msomaji, kama gari lako linapungua maji, usizoee. Weka alama kwenye chupa ya akiba injini ikiwa baridi, uangalie kila asubuhi. Tafuta mistari mikavu, usitafute matone tu. Dai kipimo cha pampu kabla hujakubali kufunguliwa injini. Mshale ukipanda simama, na ukishuka ghafla bila sababu, simama haraka zaidi.

Jumapili iliyopita nilimpeleka Bibi Morogoro kuhani. Tulifika salama. Njiani aliniuliza mara tatu, "Mume wangu, leo hatupiki?"

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.