Msiichekelee Shirati

Jumamosi jioni hapa Ikutha tuna mabishano yetu ya jazz, wapenzi wa muziki wanne watano na simu moja ya kuchezea nyimbo. Wenzangu wanajua mambo! Watakwambia dramu za Getz/Gilberto, albamu iliyorekodiwa 1963, zilipigwa na Milton Banana. Sasa waulize nani alimpigia besi Kakai Kilonzo kwenye Kilimambogo Brothers. Kimya. Halafu mmoja anacheka, eti Shirati Jazz si jazz, ni benga ya baa.

Hilo mimi silikubali ng'o. João Gilberto alipouhamishia mdundo wa samba kwenye gitaa, mnamwita fundi. D.O. Misiani na wenzake walipolifanya gitaa liseme kama nyatiti, mnawaita walevi. Kwa kipimo gani? (Na hao wa bosanova, walikuwa wanapiga kanisani?)

Kakai alifariki 1987. Waliorekodi zama zake sasa ni wazee, na santuri nyingi za wakati huo ziliandikwa bendi, wimbo na mtunzi. Mpiga besi hana jina. Milton Banana hatasahaulika hata sisi tukinyamaza. Hawa wetu wakizikwa, wamekwisha. Basi Jumamosi ijayo simu iingie mfukoni, tupande boda hadi Mutomo tukawatafute wazee, tuwaulize nani alipiga nini, tuandike.