Vinyl: Mlikuwa Mnatazama Wigi

Tamthilia ya Vinyl ilifutwa Juni 2016, baada ya msimu mmoja tu wa sehemu 10. Mpaka leo ukiitaja mbele ya walioiona, utapewa sababu zilezile tatu. Eti ilikuwa na unga mwingi kuliko muziki. Eti waigizaji hawakufanana na mastaa waliowaigiza. Eti steringi mwenyewe hapendeki. Nimezisikia sababu hizi kwa watu wenye akili zao, watu wanaosoma riwaya na kuzichambua vizuri kabisa. Mimi nasema walikuwa wanatazama pembeni, na waliotengeneza tamthilia hiyo ndio waliowageuza shingo.

Kwa ambaye hajaiona, anisamehe, maana nitamwaga mchele. Tuko New York, 1973. Richie Finestra, anayeigizwa na Bobby Cannavale, anamiliki lebo ya American Century, ambayo hali yake ni mbaya, na anataka kuiuza kwa PolyGram. Nyuma ya kamera kulikuwa na majina mazito: Martin Scorsese, aliyeongoza sehemu ya kwanza, Mick Jagger wa Rolling Stones, na mwandishi Terence Winter. HBO walitangaza msimu wa pili siku chache tu baada ya sehemu ya kwanza kurushwa Februari, kisha wakabadili mawazo miezi minne baadaye.

Tuanze na hoja ya kufanana. Sehemu ya kwanza inatupeleka Madison Square Garden, kwenye shoo ya Led Zeppelin. Robert Plant wa kuigiza anatokea, na watazamaji wanaangua kicheko kwa sababu ya nywele zake. Sawa, tucheke. Lakini wale watu pale nyuma ya jukwaa wanagombania mkataba na hela. Aliyekuwa na masikio angejiuliza: hawa Zeppelin wenyewe, hela zao walizitoa wapi?

Jibu lipo, tena si siri. Mwaka 1985 Willie Dixon, mtunzi na mpiga besi wa blues kutoka Chicago, aliwashtaki Led Zeppelin kwa wimbo wao wa 1969, Whole Lotta Love, akidai wamechota kwenye utunzi wake. Mwaka 1987 wakamalizana nje ya mahakama, na siku hizi jina lake limo kwenye orodha ya watunzi wa wimbo huo. Kabla ya hapo, katika miaka hiyohiyo ya sabini, Dixon na Muddy Waters walikuwa wameishtaki Arc Music, kampuni iliyokuwa inasimamia hakimiliki za nyimbo zao. Yaani wakati Finestra anavuta unga ofisini, kulikuwa na wazee walio hai, wanaodai haki yao kwa muziki ambao ulimwengu mzima unaucheza. Hiyo ndiyo biashara ya muziki ya miaka ya sabini. Unga ulikuwa kiburudisho tu.

Na msidhani Vinyl haikulijua hilo. Ililijua vizuri, ndiyo maana inaniuma. Ndani yake yumo Lester Grimes, anayeigizwa na Ato Essandoh. Lester ni mwimbaji wa blues. Finestra, enzi hizo bado kijana, anakuwa meneja wake, anambatiza jina la kitoto, Little Jimmy Little, na kumwimbisha nyimbo nyepesi za kuchezesha watu, kwa ahadi kwamba zamu ya blues itafika. Haifiki. Finestra anauza mkataba wa Lester ili apate njia ya kuanzisha lebo yake. Lester anapogoma kuendelea kuimba upuuzi, wahuni wanampiga na kumponda koo. Mwimbaji anabaki bila sauti. American Century imejengwa juu ya koo la mtu.

Baadaye Finestra anamletea kanda za nyimbo zake za zamani, kama zawadi ya kusafisha dhamira. Lester anazichoma moto hapohapo, kwenye meza ya bosi. Kwangu mimi hakuna tukio katika sehemu zote 10 linalolifikia hilo. Mtu anakataa kulipwa kwa kurudishiwa kitu ambacho tangu mwanzo kilikuwa chake. Na katika sehemu ya nane ndiye anayewafundisha vijana wa Kizungu wa bendi ya Nasty Bits kwamba kodi tatu tu za gitaa, E, A na B, zinatosha kubeba nyimbo chungu nzima wanazozijua. Mzee aliyenyang'anywa sauti anawagawia wengine elimu.

Sasa niambieni, mangapi katika maoni mliyoyasikia yalimhusu Lester? Akitajwa, anatajwa kama hadithi ya pembeni. Lawama ya kwanza ni ya waandishi. Walikuwa na kisa hiki mkononi, wakaona hakitoshi, wakaongeza mauaji ya mwenye redio, wapelelezi na majambazi. Wakamfanya Lester kuwa kioo cha Finestra kujitazamia majuto yake. Maumivu ni ya Lester, machozi tunaombwa tumlilie Finestra.

Lakini lawama ya pili ni yetu. Wanaosema Finestra hapendeki wanashangaza zaidi wakiwa ni wasomaji. Kwani tangu lini? Sisi tuliomsoma Kazimoto katika Kichwamaji ya Kezilahabi, nani kati yetu alifunga kitabu kwa sababu Kazimoto hapendeki? Tulimfuata mpaka mwisho wake mbaya. Ubaya wa Finestra si tatizo. Tatizo ni kwamba tamthilia inamwonea huruma kuliko inavyowahurumia aliowaumiza, na mtazamaji anayedai steringi apendeke anadai huruma hiyo iongezwe!

Kuna watakaonijibu kwamba mtu anawasha televisheni aburudike, si kusikiliza kesi za hakimiliki. Hoja hiyo ina uzito, ila basi msilalamike kwamba muziki ulikuwa kidogo. Muziki wenyewe ndio huo! Kodi tatu za Lester zina muziki mwingi kuliko mastaa wote wa kuigiza waliopita mbele ya kamera.

Wala msiniambie kwamba mambo haya ni ya Wamarekani. PolyGram anayetaka kununua lebo ya Finestra si jina la kutungwa. Ni kampuni ya kweli, ilikuwa na tawi Nairobi, na ndiyo iliyotoa santuri za Mbaraka Mwinshehe. Tanzania ya miaka hiyo haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri, kwa hiyo bendi zetu zilivuka mpaka kwenda Kenya. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979, na sauti yake bado inapigwa redioni na kwenye baa kila Jumapili. Mwulize shabiki wa zilipendwa ni nani anapiga gitaa pale, atakujibu kabla hujamaliza swali. Mwulize kanda zile ni mali ya nani na hela inakwenda wapi. Atakutazama tu.

Ndiyo maana sikubali tuendelee kuizungumzia Vinyl kama tamthilia iliyoangushwa na wigi. Mwaka 2023 Daisy Jones & The Six ilipotoka, mjadala ukawa uleule: hawa ni Fleetwood Mac au siyo? Kitabu kizuri au muvi nzuri? Kufanana, kufanana, kufanana. Itakuja nyingine, maana miaka ya sabini inauzika. Ikija, acheni kupima nywele. Tazameni nani anashika kalamu wakati wa kusaini, na nani anaondoka chumbani bila wimbo wake.