TUMEJARIBU: Visu vya kukunja vya bei ndogo



Juma hili tunajibu swali la kikundi cha wauza matunda. Wamemaliza mzunguko wao wa likelemba na pesa kidogo imebaki katika sanduku. Wanataka kununua visu 20 vya kukunja, kimoja kwa kila mama, na wametuomba tujaribu kwanza vile vinavyouzwa sokoni. Swali hilo lina chanzo chake. Mwaka jana mwenzao mmoja alikuwa akitoa macho ya nanasi kwa ncha, kisu kikajikunja kikamkata kidole gumba karibu na mfupa. Kidonda kilivimba, akakaa majuma matatu bila kuuza, na wenzake ndio waliomlipia zamu yake ya likelemba. Kisu kile kilikuwa cha faranga 2.000.

Basi tulinunua visu vitano katika soko la Kadutu, tukavigawa kati yetu, na kwa mwezi mzima tukavitumia katika kazi zetu za kila siku. Kila juma tulibadilishana, ili mkono wa mmoja usitudanganye. Hatuna mashine ya kupimia. Tulipima kwa muhogo, kwa sabuni ya mche, kwa mabua ya sombe, kwa mananasi ya Idjwi na kwa vikopo vya nyanya.

Tulianza na kile kile cha faranga 2.000. Mnakijua: kidogo, mpini wa plastiki wa rangi, na kitundu cha kufungia kwenye ufunguo. Siku ya kwanza kinakata karatasi vizuri sana, na ndiyo sababu muuzaji anakuonyesha karatasi. Kwenye muhogo mbichi makali yake yalikwisha kabla beseni halijajaa, na kufika juma la pili bapa lilikuwa linacheza kushoto na kulia. Kwa kukata uzi wa kitenge au kuchonga kalamu za watoto wa masomo, kinatosha. Kwa kazi ya sokoni, hapana.

Lakini makali si jambo la kwanza la kutazama. Makali yakiisha utanoa. Tazama kwanza kama kisu kina kifungio, yaani kitu kinacholizuia bapa lisijikunje likiwa limefunguliwa. Hicho cha 2.000 hakina, bapa linashikwa na springi peke yake. Ukimenya kiazi nacho hakuna taabu, kwa sababu kadiri unavyokandamiza makali, bapa linazidi kufunguka. Taabu inakuja pale unaposukuma kwa ncha, au unapokivuta kikiwa kimekwama, au mgongo wa kisu unapogonga kitu. Hapo nguvu inageuka, springi inashindwa, na vidole vyenu ndivyo viko njiani. Fikirini sasa kazi zetu ambazo tunazifanya kwa ncha: kutoa macho ya nanasi, kutoboa kikopo cha nyanya, kung'oa kokwa la avoka huku tumelishika avoka katika kiganja. Mama anafanya hizo zote kwa siku moja, tena mara nyingine akiwa na mtoto mgongoni anayemvuta kitambaa.

Kwa hiyo mkiwa mbele ya muuzaji, kabla ya kutoa pesa, fungueni kisu, shikeni mpini kwa namna ambayo hakuna kidole kilicho kwenye njia ya bapa, kisha kandamizeni mgongo wa bapa juu ya ubao wa meza yake. Kikijikunja, mrudishieni. Muuzaji atakunja uso, mwacheni akunje. Kisha shikeni ncha na mtikise upande na upande. Kisu kipya kinachocheza dukani kitacheza zaidi nyumbani.

Kisu chekundu chenye vifaa vingi, kile cha kuigiza visu vya askari wa Uswisi, tulikipata kwa faranga 8.000. Watoto walikipenda kuliko vyote, na baba mmoja alikiazima siku mbili akakaa nacho juma zima. Sisi hakikutupendeza sana. Bapa lake ni la chuma laini, halina kifungio, na mkasi wake ulivunjika tukikata kamba ya mfuko wa makala. Kina kizibuo cha chupa ambacho hakuna kati yetu aliyekitumia hata mara moja. Sifa yake ni moja, na ni sifa kubwa: kile kidude cha kufungulia makopo kinafanya kazi. Kinauma ukingo wa kikopo, unasukuma kidogo kidogo, hakuna kutoboa kwa ncha. Lakini kifungulio cha makopo peke yake kinauzwa kwa bei ndogo kuliko hiyo.

Cheusi cha faranga 10.000 ndicho kilikuwa ghali kuliko vyote. Kina kifungio cha ndani: kipande chembamba cha chuma kinachoruka nyuma ya bapa unapofungua, na ili ukunje lazima ukisukume pembeni kwa kidole gumba. Kifungio hicho kilishika mwezi wote. Tatizo ni mengine. Mpini una mifereji mingi ambamo majimaji ya nanasi na magamba ya samaki yanaingia na hayatoki, na baada ya siku tatu kinanuka. Na tuseme wazi, sura yake ni ya kisu cha jambazi. Mama anayepita kizuizini na beseni lake hapendi kuulizwa habari ya kisu cha namna hiyo.

Kilichotufurahisha kati ya vile vya kukunja ni cha mpini wa mbao wenye pete ya chuma shingoni, faranga 7.000. Unafungua bapa, unazungusha pete, na bapa haliwezi kurudi. Hakuna springi ya kuchoka. Umbo hili si geni. Asili yake ni Savoie, huko Ufaransa, ambako Joseph Opinel alianza kutengeneza visu hivyo mwaka 1890, na pete ya kufungia iliongezwa mwaka 1955. Opinel wa kweli ana alama ya mkono wenye taji kwenye bapa. Chetu kilikuwa cha kuigiza, hakina mkono wala taji, lakini pete yake ilishika vizuri katika majaribio yote. Bapa ni refu na jembamba, linapita ndani ya nanasi bila kulisaga, na sabuni ya mche ilikatika vipande vyenye ukubwa mmoja, jambo ambalo wanunuzi wanaliangalia sana. Kwenye sombe kilikata mabua magumu bila kusita.

Hata hivyo mbao ni mbao. Ikinywa maji inavimba, bapa linakaza, unabaki kuvuta kwa kucha. Msikiache ndani ya beseni la maji. Kikikaza, msitumie meno kufungua, tumeona mtu akifanya hivyo. Kikaushieni kivulini hadi kesho yake kitafunguka.

Jambo jingine kuhusu chuma. Visu vya namna hii vinapatikana vya aina mbili. Kuna inoksi, isiyoshika kutu upesi, na kuna chuma cha kaboni. Cha kaboni kinanoleka haraka na makali yake ni mazuri, lakini nanasi, ndimu na nyanya vinakigeuza rangi siku hiyo hiyo, kinakuwa cha kijivu halafu cheusi. Weusi huo si uchafu na hauna ubaya, wateja tu ndio wanaouogopa. Kutu ya rangi ya udongo mwekundu ndiyo mbaya; hiyo isugueni itoke. Mwenye kuuza matunda yaliyokatwa achukue inoksi ili asibishane na wateja mchana kutwa. Mwenye kutumia kisu nyumbani na shambani achukue kaboni, akioshe, akikaushe, akipake tone la mafuta ya kupikia.

Kisu cha tano hakikunjwi. Tulikitia katika majaribio kwa sababu mmoja wetu alisisitiza, na sasa tunamshukuru. Ni kile kisu kidogo cha jikoni chenye mpini wa plastiki, faranga 1.500. Hakina springi, hakina pete, hakina kiungo cha kulegea, hakina mahali pa uchafu kujificha. Kilimenya muhogo kuliko vyote kwa sababu bapa lake ni fupi na kidole gumba kinakaa karibu na kazi. Upungufu wake ni kwamba huwezi kukitia katika kikapu hivi hivi, ambako mkono wa mtoto unaweza kuingia. Sisi tulikitengenezea ala. Chukueni kipande cha plastiki ya jerikani lililopasuka, kikunjeni mara mbili kulingana na urefu wa bapa, toboeni pembeni kwa msumari uliopashwa moto, shoneni kwa waya au kwa uzi wa nailoni. Kazi ya nusu saa. Ala hiyo ilidumu mwezi mzima bila ncha kuitoboa. Ya katoni tuliyoijaribu ililowa siku ya pili ikafa.

Mtu atasema: basi kwa nini tujisumbue na vya kukunja? Swali zuri. Kwa mama mwenye meza yake sokoni, hatuoni sababu. Kisu cha 1.500 na ala yake kinamtosha, na usalama wake unazidi wa kile cha 2.000 kwa mbali. Kisu cha kukunja kina maana kwa yule anayetembea na beseni kichwani, anayekata hapa, anafunga, anapanda mlima, anakata kule.

Kuhusu kunoa, tuligundua kwamba visu vingi vinavyotupwa katika nyumba zetu havijafa, vimekosa jiwe tu. Na muhogo ndio unaviua: si muhogo wenyewe, ni mchanga ulio kwenye ganda. Osheni muhogo kabla ya kumenya. Mama mmoja kati yetu alifanya hivyo, mwingine hakufanya, kwa visu vya aina moja, na tofauti ilionekana siku hiyo hiyo. Vilevile msikatie juu ya sahani ya enameli wala juu ya jiwe. Ubao peke yake ndio unaohurumia makali. Asiye na jiwe la kunolea ageuze kikombe cha udongo mweupe, si cha enameli. Ile duara ya chini isiyong'aa inanoa. Lazeni bapa, kisha inueni mgongo wake kiasi cha unene wa kalamu ya risasi, mvute taratibu kama mnakata kipande chembamba cha kikombe, upande mmoja mara kumi, upande wa pili mara kumi. Kisu butu kinateleza juu ya ganda la nyanya na kuingia katika mkono. Wazee waliposema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, nadhani hata vidole walikuwa wanavifikiria.

Na kidole kikikatwa? Maji safi na sabuni, kisha kandamizeni kwa kitambaa safi hadi damu isimame. Msitie udongo, majivu wala mafuta ya taa. Kidonda kikiwa kirefu kwenda ndani, au kisu kilikuwa kichafu, mwende kituo cha afya siku hiyo hiyo mkaulize habari ya chanjo ya pepopunda, hata kama damu imekauka. Mwenzetu wa nanasi alisubiri siku nne.

Sasa hesabu ya kikundi. Wauza matunda ni 20. Visu vya pete kwa wote vingekula faranga 140.000. Lakini kati yao 12 wana meza, na 8 wanatembea. Visu 12 vya jikoni ni faranga 18.000, na visu 8 vya pete, inoksi, ni faranga 56.000. Jumla 74.000. Zinabaki 66.000, ambazo sisi tungenunulia jiwe moja zuri la kunolea la kikundi, vifungulio vichache vya makopo, na kisanduku cha bandeji na sabuni kikae kwa mwenye meza ya katikati. Kikundi kina uhuru wa kuamua vingine. Sanduku ni lao. Tunachowaomba ni kwamba kile cha faranga 2.000 kisinunuliwe kwa pesa ya wamama.

Visu vyote vitano viko kwa katibu wetu, mnaweza kuvishika na kuvitikisa wenyewe. Jumamosi saa tatu asubuhi tutafanya darasa la kunoa na la kushona ala. Kila mama aje na kisu chake, kikombe kimoja na kipande cha jerikani. Watoto wadogo wabaki nyumbani siku hiyo, isipokuwa wanaonyonya. Juma lijalo tutaleta majaribio ya mbabula za makala, tatu za udongo na mbili za bati.